Nani Anakupa Vipimo vya Editha?

Mdogo wangu Leokadia,

Mzigo wako umefika. Bosko wa bodaboda ameuleta mpaka kwenye meza yangu hapa sokoni Kasulu, akaubwaga juu ya gunia la maharage kama kawaida yake, akasema, "Dada Skola, mzigo wa Kibondo." Nikamuuliza amepewa na nani. Na kondakta. Kondakta wa gari gani? Akawasha pikipiki. Mtu mwenye majibu mafupi hivyo simwamini hata akiniambia leo ni Jumanne.

Nimeufungulia nyumbani. Gauni limetoka kwenye shati la kiume, jeupe lenye mistari ya bluu. Umeligeuza, vifungo vimekwenda mgongoni, kola umeiondoa, mikono umeifupisha na kuitia lastiki. Ndani ya gauni umeviringisha bendi ya nywele iliyotoka kwenye tai nyekundu. Nikamwita Editha nikamvalisha, nikampeleka mlangoni kwenye mwanga, nikamzungusha. Bega limekaa begani, kiuno kiunoni, pindo chini ya goti kidogo, pale pale mtoto wa kike anapotakiwa kuishia ili akimbie bila kujikwaa.

Sasa nakuuliza, na unijibu kwa sababu mimi ni dada yako. Mara ya mwisho kumtia Editha machoni alikuwa hajaanza kutembea. Leo yuko chekechea, Januari anaingia darasa la kwanza. Nani anakupa vipimo vyake?

Usiniambie unakisia. Kabla ya Pasaka aliumwa malaria akakonda, shingo ikabaki kama ya kifaranga. Gauni lililofuata likaja limebanwa mbavuni. Akapona, akarudisha mwili, likaja pana. Halafu lile bega la kushoto. Alianguka kwenye mpera wa jirani wewe ukiwa umeshaondoka zamani, mfupa ukaunga vibaya, bega likashuka. Ukimtazama haraka huoni. Lakini kila gauni lako, upande wa kushoto umepunguzwa kidogo ili lisining'inie. Ni kondakta ndiye anayekuhadithia habari za bega?

Mimi si mjinga, Leokadia. Mtu anayeshona hivyo amemwona mtoto, na amemwona kwa karibu, na amemwona juzi. Ama unakuja hapa kwa kujificha, ama una mtu wako ndani ya nyumba yangu. Na najua unachotafuta. Siku moja utashuka stendi umependeza, utasema umekuja kumchukua mwanao, naye atakufuata bila kugeuka nyuma, kwa sababu kila kilicho mwilini mwake kimetoka kwako. Ugali ninaompikia mimi hauanikwi kwenye kamba majirani wakauona. Dawa ninazomnywesha hazina mistari ya bluu. Ndilo linaloninyima raha, nakuambia waziwazi: naogopa utakuja kumchukua.

Nimejaribu kukuchukia nikashindwa, maana kila nikishika gauni nakukumbuka ulivyokuwa. Unakumbuka baraza letu Heru Juu, mama kwenye cherehani, watoto wa majirani wamepanga foleni na mashati ya baba zao mikononi? Hakuwa na tepu. Alichuna kamba kwenye mgomba, akampima nayo mtoto, akafunga fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la goti. Kila mtoto na kamba yake. Na ilikuwa lazima mtoto asimame wima. Hata mtoto mchanga alishikiliwa kwapani akasimamishwa, akalia, akapimwa hivyo hivyo. "Aliyelala anapimiwa kaburi," alikuwa anasema, na hapo hakuna utani. Nguo ikikamilika, kamba inatupwa motoni, vipimo vya mtoto visizagae ovyo mtu mbaya akaviokota.

Mimi nilikuwa wa kufumua. Nilikaa chini na wembe nikatoa nyuzi kwenye kola na mifuko, kazi ya mtu asiyeaminiwa mkasi. Wewe ulishika mkasi miguu yako ikiwa bado haifiki kwenye kanyagio la cherehani. Ulikuwa ukiliona shati la mtu mnene unacheka peke yako, unasema, "Hapa kuna gauni, kofia na mkoba." Mama anakuambia punguza maneno, lakini macho yake yanakuchekea. Mimi hakuwahi kunichekea namna ile, na sisemi kwa ubaya, nasema kwa kuwa niliona.

Na zile tai. Siku wanapofungua belo la mitumba sokoni watu wote walikuwa wanagombea masweta, wewe unaokota tai. Yule mzee muuzaji, Mwislamu wa Ujiji, alikuuliza kwa upole, "Binti, unaozesha nani?" Hapa kwetu nani anavaa tai katikati ya wiki zaidi ya mwalimu mkuu? Ukazipeleka nyumbani, ukazifumua, ukazitia lastiki, na Jumapili iliyofuata nusu ya wasichana wadogo pale kanisani walikuwa na bendi za hariri kichwani. Padri mwenyewe alizitazama sana, akawa kama anajiuliza kitu. Nilijivunia kuwa dada yako siku ile, nilitaka kila mtu ajue.

Alipozaliwa Editha ulimshonea kila kitu. Kofia kutoka mkono wa sweta, soksi kutoka mkono wa pili, fulana ya baba ikawa nguo zake za kulalia. Baba yake mtoto alikuwa ameshatoweka, nawe hukulia, ulishona tu. Halafu ukasema unakwenda Kibondo. Kule kambi za wakimbizi zipo karibu, watoto ni wengi, nguo za kugeuza hazikosi, ukishapata chumba unarudi kumchukua. Mama akakupa cherehani yake. Bosko huyu huyu aliifunga nyuma ya pikipiki akakupeleka stendi. Nilikuwa nimembeba Editha. Ulipopunga mkono kifua cha blauzi yako kilikuwa kimelowa maziwa. Nikafikiri, mtu anayevuja maziwa hivi atarudi wiki ijayo.

Hukurudi. Simu ikawa inaita, baadaye ikawa haiiti. Baba alipofariki tulikutafuta kila namna, tukatuma salamu kwa madereva, ikabidi tuzike bila wewe. Sijui hata kama unajua kwamba baba hayupo. Tukamaliza matanga, watu wakatawanyika, na haukupita muda likaja gauni la kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kukutilia shaka. Huna nafasi ya kumzika baba yako, ila una nafasi ya kutia lastiki mikono ya gauni.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Editha alipoanza kusema aliniita mama. Ilikuwa Jumapili, tuko kwa mama Heru Juu, ananyoosha mikono nimbebe, akasema wazi kabisa, "Mama." Mama yetu akamsahihisha palepale. "Huyo ni mamkubwa. Mama yako yuko Kibondo." Mtoto akatutazama wote wawili. Mimi nikainama nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Tangu siku ile ni mamkubwa. Mamkubwa nina njaa, mamkubwa naumwa tumbo, mamkubwa njoo nimeota vibaya. Na gauni likija anakimbia nje kuwaambia wenzake, "Mama ameniletea."

Basi nikaanza upelelezi. Nilimshuku mwalimu wa chekechea, nikaenda shuleni kwake kwa kisingizio cha kupeleka uji. Nikamshuku hata shemeji yako, mume wangu mwenyewe, nikakagua simu yake nikakuta habari za mpira tupu. Ameniambia nina wivu. Nimemwambia ndiyo, ninao, aniache nao.

Juzi nikaamua nivunje mtindo. Nikampeleka Editha kwa fundi wa pale sokoni ashonewe nguo ya Krismasi, ya kwangu, nimenunua kitambaa kipya dukani. Fundi hajagusa hata tepu, mtoto ameshasimama wima, visigino pamoja, mikono imepanda juu. Akasubiri kidogo, akageuka mwenyewe akampa mgongo. Fundi akacheka, "Huyu ni mzoefu." Mimi sikucheka. Tulipofika nyumbani nikamkalisha. Nani huwa anakupima? Nikamkaripia, akafunika mdomo kwa viganja. Nikambembeleza kwa andazi. Akalipokea, akaling'ata, akasema, "Ni siri ya mama."

Siri ya mama! Machale yalinicheza mpaka usingizini. Kwa hiyo unakuja, Leokadia. Unakuja Kasulu, unamshika mwanao mabega, unampima, unamfundisha kunificha, halafu unaondoka bila hata kunisalimia mimi ninayemuogesha.

Barua hii nampa Bosko kesho ampe huyo kondakta wake. Nataka jibu.

*

Naendelea. Barua haijaondoka.

Bosko aliishika kwa ncha za vidole kama nimempa chura. Akasema hilo gari siku hizi haliji. Nikamwambia mbona mzigo umekuja Alhamisi? Akasema lilikuja Alhamisi, ila limeharibika. Nikamuuliza jina la gari. Akajikuna kisogo. Akasema ana abiria anamsubiri Heru Juu, akaondoka, na barua yangu ameiacha juu ya maharage. Nikajua hapa nazungukwa. Nikafunga meza, nikamwachia shemeji yako mtoto, nikapanda basi nije nikukabidhi mwenyewe mkononi.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tulipita vijiji na mashamba ya mihogo sikuona chochote, nilikuwa nakusema moyoni. Nilikupangia maneno makali ya kutosha kuanzia Kasulu mpaka Kibondo na mengine yakabaki.

Sokoni Kibondo nikaenda moja kwa moja kwa mafundi. Wamekaa mstari mmoja, mlio wa cherehani unakuziba masikio. Nikatembea polepole nikitazama nyuso, nikitegemea kukukuta umeinama. Sikukuona wewe, niliona cherehani. Ile ile ya mama, na kwenye kona ya ubao wake lile doa jeusi la pasi ya mkaa, siku ulipoiacha ukakimbilia ngoma ya harusi, mama akakuchapa. Aliyekaa nyuma yake ni mama mmoja mnene, anageuza kanzu kuukuu kuwa suruali ya mtoto.

"Amahoro, mama," akanisalimia kwa Kirundi cha kwao, halafu akahamia Kiswahili. "Karibu, nikushonee nini?"

Nikamwambia natafuta mwenye cherehani hii.

"Mwenyewe ni mimi. Nimenunua kwa Leokadia, yule msichana wa Kasulu. Siku nyingi, mama. Huyu alikuwa bado tumboni." Akanionyesha kwa mkasi mtoto wa kiume anayefukuza kuku kati ya meza, amevaa suruali ina mifuko na zipu kama mtu mzima.

Nikamuuliza ulikwenda wapi.

"Alipanda lori la mahindi. Wengine wanasema Kakonko, wengine wanasema alipitiliza Kahama. Alisema atapiga simu. Hajapiga. Alikuwa fundi kweli, yule. Wewe ni nani wake?"

"Na mtoto?" nikauliza. "Hakusema chochote kuhusu mtoto?"

Akaacha kukata. "Mtoto? Leokadia ana mtoto?"

Mlikaa benchi moja kwa miezi, anasema. Mlikula sahani moja. Alikuhadithia watoto wake mmoja mmoja, na wale aliowazika alikokimbia. Na wewe ulikuwa unavuja maziwa, hukumwambia kitu.

Nikamjibu hapana, nimechanganya, ninayemtafuta mimi ni Leokadia mwingine. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Niliona aibu kwa niaba yako mbele ya mtu nisiyemjua. Hakuamini, akanipa kigoda na maji ya kunywa.

Kwenye basi la kurudi hasira zilinitoka zote, ikabaki baridi. Kwa sababu kama wewe uliondoka Kibondo mtoto yule akiwa tumboni, na cherehani umeuza, basi hizi nguo anashona nani? Nikaanza kuyarudia magauni yote kichwani. Nyuzi zilikuwa za mkono. Nililiona hilo tangu mwanzo, na nikajisemea kwa kejeli kwamba umeuza cherehani ya mama ukaila. Sikufika mbali zaidi ya hapo. Nani anampata Editha akiwa peke yake, anamsimamisha wima, anampima? Nani tunampelekea kila Jumapili baada ya misa, mimi mwenyewe nikamwacha naye nikaenda kuchota maji? Basi lilipofika Kasulu sikwenda nyumbani. Nilichukua bodaboda, siyo ya Bosko, nikasema Heru Juu.

Mama hakuwa ananitegemea. Alikuwa amekaa mlangoni, penye jua, kitambaa amekileta puani kabisa kama mtu anayenusa. Suruali ya baba ya kanisani, ile ya bluu. Imechanwa vipande. Kamba ya mgomba iko shingoni mwake, ina mafundo matatu.

"Mwakeye, mama," nikamsalimia kwa Kiha.

Akainua kichwa. Alinijua kwa sauti, si kwa sura, macho yamekuwa na ukungu. "Skola? Leo si Jumapili."

Hakuficha kitu. Labda hakujua kwamba nimeshaona. Nikachukua kipande kimoja mkononi mwake. Alikuwa anatengeneza sketi ya shule ya Editha, yenye marinda, na kipande cha mbele alikuwa amekishona ndani nje, mishono yote na ile sehemu iliyopauka viko hadharani. Mama yetu, Leokadia, aliyekuwa anatugonga vidole kwa uzi uliolegea.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu matanga," akasema.

Yale mashati. Ba' wadogo walipodai nguo za marehemu zigawiwe kama ilivyo desturi, mama akakalia sanduku na funguo akazificha. Walimsema kijiji kizima, mjane mchoyo. Mimi pia nilimsema, chinichini. Mistari ya bluu nimeiona mgongoni mwa baba kila Jumapili ya maisha yangu, na ilipokuja juu ya Editha sikuitambua, kwa vile nilikuwa nimeshaamua inatoka Kibondo. Na tai ni zako, zile zilizobaki ulipoondoka. Bosko alikuwa anakuja kuuchukua mzigo pale pale Heru Juu, anauzungusha stendi ili upate vumbi, anauleta kwangu. Malipo yake ni mihogo.

"Kwa nini, mama?"

"Aliniuliza mama yake yuko wapi. Nikamwambia yuko Kibondo, anakushonea gauni. Maneno yamenitoka tu, mtoto alikuwa analia. Jumapili iliyofuata akaniuliza gauni liko wapi." Alikuwa anaipapasa kamba shingoni. "Ningefanyaje? Ikabidi lije. Nikawa nampima, namwambia vipimo vinakwenda kwa mama yake, ni siri ya mama."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Wewe? Ungemwambia ukweli kesho yake. Mdomo wako naujua."

Hapo nilipasuka. Nikamwambia mtoto aliniita mama, kwa hiari yake, na yeye akanivua jina lile mbele ya mtoto akalitundika kwa mtu asiyekuwepo. Nikamwambia nimelea kwa roho ya wasiwasi, kila gari la Kibondo likipiga honi nasema leo anachukuliwa, kumbe hakuna anayekuja. Nimekuwa nikigombana na mashati ya baba. Nilisema mengi. Mama aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Nilitaka akirudi akute mtoto anamjua," akasema. "Ni mwanangu naye, Skola. Ninyi wawili wote ni wangu."

Nikamuuliza kama anajua ulipo. Akasema hajui. Nikamuuliza tena, akaapa kwa jina la baba. Nimemtazama sana, Leokadia, na nakuambia hata sasa simwamini moja kwa moja. Mtu aliyeweza kunipiga chenga muda wote huu na macho yenyewe haoni, naanzia wapi kumwamini? Inawezekana analo neno lako moja amelihifadhi mahali. Au hana, na hilo ndilo baya zaidi. Nimejikaza nisiendelee kuuliza.

Nilichukua wembe nikaifumua ile sketi. Nikaanza upya, kwa mkono, mama ananielekeza kwa kupapasa mishono na kidole gumba. Hapa umeruka. Hapa umevuta sana. Nimekwenda Heru Juu kila jioni baada ya soko mpaka ikaisha, naye alinisaidia bila kunisifu. Sijui kushona, unajua. Marinda mengine yanatazama Kigoma, mengine yanatazama Burundi. Mama alipomaliza kuipapasa yote alisema, "Itamsitiri." Nimelichukua hilo kama pongezi.

Jana nimempa Editha. Njia nzima kutoka Heru Juu nilikuwa najiuliza nitasema nini, maana ilikuwa lazima aulize. Na aliuliza, hata kabla hajaivaa.

"Imetoka kwa mama?"

Ningeweza kusema ndiyo, neno jepesi, mama yetu amelisema miaka. Ningeweza pia kummwagia yote, nimwambie habari za lori la mahindi. Nikasema, "Hapana. Nimeishona mimi."

Akaigeuza, akayaangalia marinda. "Ndiyo maana," akasema. Akaivaa, akatoka nayo mbio.

Nami nikajibanza nyuma ya mlango nikasikiliza, tabia yangu hiyo mbaya siwezi kuiacha. Watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba. Mmoja akamuuliza, "Mbona sketi yako imepinda?"

"Ameshona mamkubwa," Editha akasema. "Bado anajifunza. Mama yangu angeshona nzuri, ila yeye ana kazi nyingi. Anawashonea watoto wasio na mama, ndiyo maana hawezi kuja."

Hayo hakufundishwa na mtu. Mama yetu ameapa hakumwambia hivyo, na katika hili namwamini. Ameyatunga mwenyewe, Leokadia, ili wenzake wasikuseme vibaya. Alisimama pale na sketi yangu iliyopinda, akakutetea mbele ya watu, sauti juu, mkono kiunoni. Mimi nilibaki nyuma ya mlango, nikashindwa kutoka.

Zamani nilikuwa naogopa kwamba utakuja. Ukija sasa, sitakuzuia, sitakununia zaidi ya ninavyoweza kujizuia. Barua hii naiacha wazi, nitaitoa nakala nimpe kila dereva anayekwenda upande wa Kakonko na Kahama, asomaye na asome, na kama anakufahamu akwambie. Mama macho yamemwisha, hawezi tena kukusingizia wema. Mimi nilikufichia aibu mara moja pale Kibondo na sitarudia. Aliyebaki kukutetea ni huyu mtoto peke yake. Fanya haraka, Leokadia, kabla hajachoka.

Ni mimi dada yako,
Skola, mamkubwa wa Editha